Nilimuuliza Kama Anaweza

Binti yangu aliumia bega akiwa na miaka 12, na kosa ni langu. Kocha hakumlazimisha kucheza, na mtoto mwenyewe hakuwa mkaidi. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa nyuma ya wavu kila Jumamosi na Jumapili, nikihesabu mabao, ushindi na medali, nisihesabu mipira aliyokuwa akirusha. Nayaandika haya kwa wazazi wenzangu, hasa sisi tuliohamia Marekani na watoto wetu wakaupenda mchezo ambao hatukuucheza. Njia niliyoipita ni nyepesi, na mzazi yeyote anaweza kujikuta humo.

Mimi nimekulia Tanga, tukicheza rede mtaani na netiboli shuleni. Softiboli niliikuta Texas. Ni ndugu wa besiboli, ila mpira wake ni mkubwa zaidi na mrushaji harushi kutokea juu ya bega. Mkono unazunguka duara kamili kando ya mwili, na mpira unaachiwa karibu na nyonga. Wasichana wa umri ule husimama futi 40, kama mita 12, kutoka kwa mpigaji. Wakifika sekondari wanarudishwa nyuma hadi futi 43. Mchezo wote unaanzia mkononi mwa mrushaji. Timu isiyo na mrushaji mzuri hutaabika, na timu yenye mmoja tu humtumia mpaka achoke. Kwenye timu yetu huyo mmoja alikuwa binti yangu, na mimi nilijivunia hilo.

Karibu jambo la kwanza nililoambiwa na wazazi wenyeji ni kwamba kurusha kwa chini hakuumizi, kwa sababu ndivyo mkono ulivyoumbwa kwenda, na kwamba msichana anaweza kurusha kutwa nzima. Nililikubali bila kuuliza, maana lilinifaa. Little League, shirika la besiboli ya watoto, walianza kuhesabu mipira ya warushaji mwaka 2007, lakini mashindano ya wikendi tuliyokuwa tukimpeleka binti yetu hayakuwa na kikomo chochote. Nikajiambia kwamba kama kungekuwa na hatari, kungekuwa na kanuni.

Nilikosea. Watafiti waliwapima warushaji wa softiboli kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, wakakuta kwamba nguvu inayolivuta bega kulitoa kwenye kiungo chake hufikia wastani wa asilimia 80 ya uzito wa mwili. Wale walikuwa wanawake waliokomaa. Mifupa ya mtoto bado ina gegedu laini karibu na ncha, pale inaporefukia, na sehemu hiyo huumia upesi kuliko mfupa uliokwisha kukomaa. Habari hizi zilikuwa zimechapishwa kabla binti yangu hajazaliwa. Sikuzitafuta.

Nilichomtafutia ni mashujaa. Nilimwonyesha video za Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mipira 413 ndani ya siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mpaka Japani ikaifunga Marekani 3-1 kwenye fainali. Nikamwambia, "Unaona mwenzako?" Ueno alikuwa na miaka 26. Binti yangu alikuwa bado na meno ya utotoni mdomoni.

Mechi za mwisho za mashindano ya wikendi huchezwa Jumapili, wakati mrushaji amekwisha kusimama uwanjani tangu jana yake. Hapo kocha alikuwa akija kwenye wavu kuniuliza kwanza mimi, na niliipenda adabu yake. Nami nilimwita binti yangu, akaitika abee, nikamuuliza mbele ya kocha na mbele ya wenzake waliokuwa wakimsubiri, "Utaweza, mwanangu?" Akajibu, "Naweza, mama." Alijibu hivyo kila nilipomuuliza. Nikarudi kukaa nikiwa nimeridhika, nikijiona mama anayemsikiliza mtoto wake.

Dalili zilikuwapo. Alianza kubeba begi lake kwa bega la kushoto. Asubuhi alikuwa akiniomba nimfunge nywele, kazi aliyokuwa ameizoea kuifanya mwenyewe. Nilifurahi. Nilidhani ameanza kudeka tena, nikamkalisha mbele yangu na kumchana polepole. Sikujiuliza kwa nini hainui mkono.

Siku aliposhindwa kuvaa sweta tulikwenda kwa daktari. Akamwambia anyooshe mkono pembeni na kuupandisha. Mkono ukafika usawa wa kifua, ukakwama. Daktari akamuuliza maumivu yalianza lini. Akasema, wakati shule zilipofungwa Desemba. Tulikuwa mwezi wa Machi. Nikamgeukia na kumwambia kwa Kiswahili, daktari asielewe, "Mbona hukuniambia? Si nilikuwa nakuuliza kila mara?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Uliniuliza kama naweza, mama. Nilikuwa naweza."

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa akinikumbusha tu kwamba kila swali langu alilijibu kwa ukweli. Nami pale kwenye kiti cha hospitali niliyapitia maswali yote niliyomuuliza miezi ile, nikaona kwamba hakuna hata mara moja niliyomuuliza kama anaumwa. Nilimuuliza lile nililotaka kulisikia, tena mahali ambapo asingeweza kujibu vingine. Huyu ni mtoto niliyemlea asimkatalie mkubwa mbele za watu, apokee mzigo wa mgeni kabla hajaombwa, na akitumwa asinung'unike. Malezi hayo siyajutii. Lakini yana deni kwa mzazi: ukimfundisha mtoto kutosema hapana, inakubidi wewe ujue pa kuisema kwa niaba yake.

Na alikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Alitusikia mimi na baba yake tukizungumza usiku juu ya ada za klabu na ufadhili wa chuo kikuu. Enzi hizo timu ya softiboli ya daraja la kwanza la vyuo iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 12 tu, na kwa kawaida uligawanywa vipandevipande kwa wachezaji wengi zaidi ya hao. Hesabu hiyo nayo hatukuifanya. Mtoto alikuwa akirusha kwa ajili ya fedha ambazo huenda zisingekuwapo.

Gharama yenyewe ni hii. Alikosa msimu mzima. Tiba ya mazoezi ya viungo ilimaliza akiba ya nauli ya kwenda Tanga, na bibi yake hakumwona mwaka ule. Timu ilipata mrushaji mwingine. Bega lilipona, lakini binti yangu alichagua kutorudi kurusha. Sasa anacheza nafasi ya besi ya kwanza. Ilichukua muda mrefu zaidi kabla hajaanza kuniambia akiumwa bila kwanza kunisoma uso.

Tuliyobadilisha si mengi. Idadi ya mipira, hata ya mazoezi, huamuliwa nyumbani kabla ya mechi na kupewa kocha kwa maandishi. Mdogo wake anayejifunza kurusha ameikuta kanuni hiyo. Kuna mapumziko kila wiki, na kila mwaka kuna miezi miwili au mitatu ya kutoshika mpira kabisa, kama wanavyoshauri madaktari wa watoto wa Marekani. Na maswali huulizwa ndani ya gari, tukiwa sisi wawili: wapi panauma, tangu lini, ukifanya nini.

Mzazi mwenzangu, usimwachie mtoto uamuzi huu kwa kumuuliza kama anaweza. Atakwambia anaweza, na atakuwa anasema kweli. Hesabu mipira mwenyewe. Ikifika idadi mliyokubaliana, nenda kwenye wavu ukamwambie kocha hapana, hata kama ni fainali. Hayo ni mazungumzo ya wakubwa kwa wakubwa, na mtoto hapaswi kuyabeba.