Mbao Yenye Jicho Kando

Kuna mbao moja kwa mfuko wangu ambayo imekataliwa na makanga watatu kati ya Kinoo na tao. Haijakatwa, haijapinda, haijachomwa. Shida yake ni jicho: kile kiini cha katikati kimekaa kando, hivi kwamba pete ya nje ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Makanga wa kwanza aliigeuza mara mbili akanirudishia. "Boss, hii ni feki. Leta ingine."

Mimi naamini si feki, na sababu yangu ni rahisi.

Sarafu ya vyuma viwili haiunganishwi na gundi. Pete hutobolewa, kiini kinatumbukizwa ndani kikiwa kimelegea kidogo, halafu mihuri miwili, mmoja juu na mwingine chini, inaigonga kwa nguvu. Pigo hilo moja linachora picha na papo hapo linafinya vyuma mpaka vishikane. Kwa hivyo picha huja mwisho. Mtu akiling'oa jicho kwa nyundo akalirudisha, hata akiwa fundi wa Gikomba, ndovu atahama nalo. Kwa yangu ndovu hakuhama. Yuko palepale anapokaa kwa mbao zingine, ila sehemu ya mwili wake imeangukia kwenye pete, na mstari umevuka kiungo bila kukatika. Tundu la pete lilitobolewa vibaya kabla ya pigo. Mtu wa kukagua alipitwa, basi.

Na kupitwa si ajabu, kwa sababu viwanda hivi hufua sarafu kwa mamilioni. Uingereza mwaka 2008 walibadilisha michoro ya sarafu ya peni 20, wakahamisha tarehe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtu akachanganya muhuri wa zamani na mpya, sarafu zikatoka bila mwaka upande wowote. Royal Mint wenyewe walikadiria kwamba zilikuwa kati ya 50,000 na 200,000. Huko watu walikimbia kupekua mikoba, na wakusanyaji wakazinunua kwa bei iliyopita peni 20 mara nyingi sana.

Hapa kwetu kasoro hiyohiyo inakushukisha 87 utembee.

Sidhani ni ujinga wa makanga. Yeye ana sekunde mbili, gari linaendeshwa kama limeibwa, na jioni anahesabiwa na mwenye gari. Akibaki na sarafu ambayo hakuna anayeitaka, hiyo ni hasara yake. Isitoshe, amezoea kuchanganywa. Tangu Desemba 2018 tuna sarafu za wanyama: twiga kwa bob, kifaru kwa tano, simba kwa ashu, ndovu kwa mbao. Zilitoka hivyo kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza sura ya mtu yeyote kwa pesa. Lakini za Kenyatta, Moi na Kibaki hazikufutwa, bado zinazunguka. Jaribu kumpa kijana wa miaka kumi na tisa ile ya shilingi 40 ya mwaka 2003, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ni halali kabisa. Atakuangalia kama umeichonga kwa nyumba.

Kinachoniudhi ni mahali hasara inapoangukia. Aliyetoboa pete hakukatwa mshahara. Aliyekagua hakukatwa. Sarafu imepita kwa mashine, magunia na benki bila swali, mpaka ikamfikia mtu ambaye shilingi ishirini kwake ni kitu, na huyo ndiye akageuka kuwa mkaguzi wa mwisho.

Wiki jana nilimpelekea mama mboga hapa stejini, nikitaka avokado. Aliigonga kwa meza, akasikiliza, akaipitisha ukucha kwenye kiungo. Alikagua vizuri kuliko makanga wote watatu.

"Ni ya kweli," akasema. "Lakini nitaichukua na kumi na tano."

"Mum, imeandikwa ishirini."

"Naona. Sasa mimi nitampea nani?"

Tulibishana mpaka tukafika kumi na nane. Avokado ilikuwa ishirini, na sikuwa na shilingi mbili.