Laptopu Iko Makina, Mimi Niko Kawangware

Kila Novemba inboksi yangu hujaa swali moja: "Bro, VPN gani ya bure iko sawa?" Sababu sote tunaijua. KCSE ikianza, Telegram inakwama. 2023 ilikwama, 2024 ikakwama tena. Jibu langu halijabadilika. Hiyo VPN ya bure kuna mtu anailipia, na pengine ni wewe bila kujua. Unapitisha kila kitu chako kwa seva ya mtu hujawahi kumuona, halafu unampa nyota tano.

Lakini leo siongelei VPN ya kujificha. Naongelea ile ya kurudi nyumbani.

Video zangu zote ziko kwa laptopu moja mzee, kwa shangazi yangu, Makina, Kibera. Mimi nakaa Kawangware upande wa Congo. Laptopu iko huko kwa sababu mbili: keja yangu ilishawahi kuvunjwa, na kwa ploti ya shangazi kuna intaneti ya kulipa kwa mwezi. Mimi niko kwa bando. Kila nikitaka klipu ya zamani, ni matatu, nishuke Adams, nikate Toi, niingie Makina, nisalimie watu kumi, ninywe chai (huwezi kukataa chai ya shangazi), nirudi na flashi. Nusu siku imeenda kwa klipu ya sekunde nane.

Mapema 2024 nikasema basi, wacha nitengeneze VPN yangu. Nikachagua WireGuard, ile programu ya Jason Donenfeld iliyoingia ndani ya Linux yenyewe Machi 2020. Ni ndogo, haina maneno mengi. Kila kifaa kinakuwa na funguo mbili, moja ya siri na moja ya kupeana. Laptopu ya Makina ikae ikisikiliza kwa poti 51820, simu yangu ibishe kutoka Kawangware, ifunguliwe. Kwa karatasi ilikuwa kazi ya jioni moja.

Nikaingia kwa ruta ya kampuni ya intaneti, nikaiambia: mtu akibisha kwa poti hii, mpeleke kwa laptopu. Nikarudi Kawangware. Nikabisha. Kimya. Siku tatu nzima nilibisha. Nikaamua shida ni ile akaunti ndogo ya mteja iliyoandikwa kwa stika chini ya ruta. Niliona mafundi wamejifichia mipangilio mingine, na mimi nitaitoa tu. Nikachukua pini, nikafinya kile kitundu cha nyuma sekunde kumi.

Taa ikageuka nyekundu, ikabaki nyekundu.

Venye hiyo ploti imepangwa, ruta ni moja na milango ni sita, kila mlango unachanga. Kwa mlango wa tatu kuna dada anafanya kazi ya kuandika sauti za wazungu kuwa maandishi, na usiku huo alikuwa na faili ya kutuma kabla ya saa sita. Nilipofinya ile pini nilifuta jina na neno la siri ambalo kampuni hutumia kuijua ruta, na hizo mimi sina. Akajaribu na bando ya simu, ikakata katikati. Faili haikufika, na ile kazi akanyimwa wiki mbili.

Fundi alikuja siku ya tatu. Hizo siku zote nilikuwa nikikutana na dada kwa mfereji.

"Wewe kijana," akaniambia, hata hakupandisha sauti, "unataka kuingia humu ndani ukiwa Kawangware. Na sisi tunaoishi humu?"

Sikuwa na jibu. Niliomba msamaha, nikamlipia mchango wake wa intaneti miezi miwili, na bado naona ilikuwa kidogo.

Kilichoniuma zaidi ni alichosema fundi akirudisha mipangilio. "Hata ungefungua poti zote za hii ruta, hakuna mtu wa nje angefika hapa." Akanionyesha anwani ambayo ruta imepewa na kampuni. Inaanza na 100.72. Kisha akafungua tovuti ya kuangalia IP kwa simu yake, akiwa kwa waifai hiyo hiyo. Namba tofauti kabisa. Kampasi tulisoma hii kitu wiki moja kabla niache, nikaipita kwa mtihani na nisiielewe.

Iko hivi. Anwani za zamani za intaneti, IPv4, ni kama bilioni 4.3 pekee, na dunia ina watu zaidi ya bilioni 8, kila mtu na simu. Kwa hivyo kampuni inachukua anwani moja ya kweli, inawaweka wateja wengi nyuma yake. Fungu la 100.64 hadi 100.127 lilitengwa 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ni kama ile S.L.P. ya shule tuliyotumia sote utotoni. Ukiandika barua wewe, jibu linarudi na mwalimu anajua ni lako. Lakini mtu akiandika wa kwanza, kwa namba ya sanduku pekee bila jina, barua inaishia ofisini. Mlango niliokuwa nafungua Makina ulikuwa mlango wa ndani. Geti kubwa liko kwa kampuni, na funguo zake sipewi. Wengine huuza anwani ya kweli kwa bei ya juu, ya maofisi.

Kwa hivyo kabla ya kugusa chochote, linganisha hizo namba mbili. Zikitofautiana, wachana na poti.

Na hapa ndipo huwa nakasirika kidogo. Mitaa yetu inauziwa intaneti ya kula. Unaweza kuvuta TikTok mpaka asubuhi, lakini huwezi kuweka kitu kwako na mtu wa nje akifikie. TunapandaNET pale Kibera waliunganisha shule na vituo vya vijana kwa mtandao wao wa kijamii, kwa hivyo si ati watu wetu hawawezi kujenga.

Dawa haikuhitaji kugusa ruta hata kidogo. Unakodi seva ndogo yenye anwani ya kweli, laptopu ndiyo inapiga simu ya kwanza kwenda huko, na kila sekunde 25 inakohoa kidogo ili njia isifungwe. Simu yangu nayo inapiga pale pale. Nililipia kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, seva ikiwa Frankfurt kwa sababu ndiyo niliweza.

Ikashika. Nilikuwa nikijisifu mpaka tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, na nyaya za Bahari ya Shamu zilikuwa zimeumia tangu Februari. Klipu yangu ya kutoka Makina kwenda Kawangware ikakwama Ulaya. Hapa na hapo, mahali naweza kutembea! Na Nairobi tuna KIXP, mahali kampuni za intaneti hukutana zibadilishane mizigo bila kutoka nchini. Ilifunguliwa 2000, ikafungwa kwa amri, ikarudi 2002. Barabara iko, mimi ndiye nilijizungusha.

Siku hizi natumia Tailscale, ambayo ndani ni WireGuard tu, lakini hujaribu kuunganisha vifaa viwili moja kwa moja kila kimoja kikiwa nyuma ya geti lake. Siku zingine inaweza, siku zingine inapitia seva ya kati. Naishi nayo.

Swali la dada lakini sijalisahau. Laptopu nimeiacha bila kupitisha mtu kwa mtandao wa ploti, kwa hivyo hata ukiiba simu yangu utafika kwa video zangu, hutafika kwa TV ya jirani. Wala sitoki nje kupitia laini ya shangazi, kwa sababu upuuzi wowote nikifanya ungeonekana umetoka kwa mlango wake.

Kuna pia hii: nikivuta faili kubwa, nakula ile njia ya kupandisha ambayo dada hutumia kutuma kazi. Kwa hivyo tulipatana. Sivuti kitu mpaka aniambie. Jana ilikuwa saa saba na dakika arobaini usiku, niko macho na mandazi baridi, simu ikalia.

"Nimemaliza. Vuta."