Enzi ya Choki Nzito

Wanaoanza kufuga matumbawe nyumbani siku hizi hawajui uzito wa choki. Hununua taa ya LED, wakaitundika juu ya tangi, wakaipangia rangi kwa simu, basi. Nilipoingia katika kazi hii mwaka 1998, kwenye duka moja la samaki wa mapambo mjini Columbus, Ohio, taa ilikuwa vitu vitatu vilivyonunuliwa mbalimbali: balbu, holda yake, na choki ya kuiendesha. Aliyekosea kimoja alipoteza fedha za vyote vitatu, na pengine matumbawe juu yake.

Nilikuwa mgeni wa taa zile, lakini choki nilizijua. Mjomba wangu alikuwa fundi umeme Tanga, na mimi ndiye niliyemshikia ngazi alipokwenda kubadilisha choki na stata za tubulaiti madukani. Kwa hiyo mwenye duka aliponionyesha boksi la chuma lililokuwa linanguruma chini ya tangi, niliutambua ukoo wake mara moja. Yeye aliliita balasti, kama Wamarekani wote.

Nilimpigia mjomba simu kumweleza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umepata kazi?"

"Nimepata. Nafunga choki za wati mia nne."

"Za kiwanda gani?"

"Si kiwanda, mjomba. Za samaki."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Wamarekani wanawakaanga wakiwa bado ndani ya maji.

Hakuwa mbali na ukweli, maana joto la taa za metali halaidi lilikuwa balaa. Balbu hizo hazina waya unaowaka ndani kama globu ya kawaida. Ndani ya gilasi ya nje kuna kijibomba cha kwatsi chenye zebaki kidogo, gesi ya argoni na chumvi za metali. Umeme huruka kutoka ncha moja hadi ya pili, zebaki na chumvi zikapata moto na kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaotoa mwanga. Hatari yake ni kwamba umeme ukishapata njia ndani ya gesi, ukinzani hushuka, na kadiri unavyoshuka ndivyo mkondo unavyozidi kukimbia. Ukiiunganisha balbu moja kwa moja na umeme wa ukutani inajiua papo hapo. Choki ni kamba ya shingoni mwa fahali: inamwachia nguvu zake, lakini inamzuia asikimbie atakavyo.

Matumbawe yalihitaji mwanga wa namna hiyo kwa sababu mengi yake yana mwani hai ndani ya nyama, na mwani ule hulisha matumbawe kwa chakula unachotengeneza kwa mwanga. Tubulaiti za zamani hazikutosha kwa aina zinazoishi karibu na uso wa bahari. Wafugaji wa Ujerumani, hasa wa Berlin, ndio waliokuwa wametangulia kutumia metali halaidi katika miaka ya 1980, na Wamarekani wakafuata. Na kulikuwa na uzuri wa ziada. Tubulaiti hueneza mwanga sawasawa kila mahali, lakini metali halaidi hutoka kwenye nukta moja kali, kwa hiyo kila kiwimbi juu ya maji kilichora mistari ya mwanga inayotembea mchangani. Aliyewahi kuchungulia maji ya kina kifupi saa sita mchana pale kisiwani Chumbe, Zanzibar, anajua ninachosema. Samaki aina ya kangaja waliotujia kwa ndege kutoka Kenya, wakiwa kwenye mifuko iliyojazwa oksijeni, walikuwa wametoka chini ya mistari kama ile.

Sasa tuje kwenye kulinganisha, maana hapo ndipo ilipokuwa kazi.

Choki za Marekani zilitengenezwa kwa ajili ya maghala na viwanja vya kuegesha magari. Hakuna aliyezibuni akifikiria samaki. Zilikuwa na namba ya kiwango, na namba hiyo ilikuwa na maana kuliko jina la kampuni: M57 kwa wati 175, M58 kwa wati 250, M59 kwa wati 400. Ukifungua boksi ulikuta koili nzito iliyozungushwa kwenye mabati ya chuma, na pembeni yake kapasita: maikrofaradi 10 kwa M57, 15 kwa M58, 24 kwa M59. Nilizikariri bila kukusudia. Choki hizo zilikusudiwa balbu zenye elektrodi ndogo ya tatu ya kuwashia, kwa hiyo hazikuwa na ignita.

Balbu zilizotoka Ulaya zilikuja na masharti mengine. Zile zenye ncha mbili, tulizoziita HQI kwa jina la Osram lililogeuka kuwa la kila mtu, hazikuwa na elektrodi ya tatu. Zilitaka ignita izipige msukumo wa volti elfu kadhaa mpaka cheche iruke. Ya wati 150 ilikwenda na choki ya M81, ya wati 250 na M80. Halafu kulikuwa na Iwasaki ya wati 400, ya Kijapani, yenye mwanga wa manjano wa kelvini 6,500 ambao matumbawe yaliupenda kuliko wenye nyumba walivyoupenda. Hiyo iliweza kuwaka hata kwa choki ya taa za zebaki, zile za barabarani za zamani, na mafundi bahili waliijua siri hiyo mapema.

Holda ndiyo iliyodharauliwa kuliko vyote, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Balbu kubwa za skrubu za Marekani ni za E39, za Ulaya ni E40, na mtu akiona zinaingiana husema basi zimelingana. Nilikutana na balbu za Ulaya zilizozungushwa mpaka mwisho katika holda ya Kimarekani na bado ncha ya chini haikuligusa bati la katikati vizuri. Taa inawaka, inazima, inawaka, na mteja analaumu choki. Zenye ncha mbili zilikuwa na holda zake: RX7s kwa wati 70 na 150, Fc2 kwa wati 250 na 400. Na pale ambapo ignita ilihusika, holda ya kauri ilipaswa iwe imeandikwa kwamba inastahimili msukumo wa volti 4,000 au zaidi. Ukitumia ya kawaida, cheche hutafuta njia fupi ndani ya holda yenyewe badala ya kupita kwenye balbu. Ongeza chumvi ya maji ya bahari iliyopanda na mvuke na kuganda kwenye nyaya, na utaelewa kwa nini nilizoea kunusa holda kabla ya kuigusa. Harufu ya kuungua ilisema mengi kuliko kipimo.

Zenye ncha mbili zilikuwa na sharti jingine, na hili halikuwa la kujadili: kioo mbele ya balbu. Gilasi yake ya nje haizuii miale ya urujuanimno kama inavyozuia ile ya balbu za skrubu. Kioo kikipasuka, matumbawe yanaungua kwa siku chache, na macho ya mwenye nyumba hayako salama.

Lakini jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa lilikuwa rangi. Boksi la balbu liliandikwa kelvini 10,000 au 20,000, na sote tuliamini kuwa hiyo ni rangi ya balbu, kama rangi ya shati ilivyo ya shati. Haikuwa hivyo. Chukua Radium ya wati 250, ya Kijerumani, iliyouzwa kama ya kelvini 20,000. Ukiiwasha kwa M80, ilitoa weupe wenye buluu safi, mwanga mwingi, na ukutani ilikula zaidi ya wati 300, maana choki ile iliisukuma kupita wati zake. Ukiihamishia kwenye choki ya kielektroniki, balbu hiyohiyo ilizama katika buluu nzito na mwanga ukapungua. Watu wawili wangeweza kubishana usiku kucha kuhusu balbu moja, wote wakisema kweli.

Aliyetuondolea ubishi ni Sanjay Joshi, profesa wa uhandisi wa viwanda katika Chuo Kikuu cha Penn State, naye mwenyewe mfugaji wa matumbawe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 alipima balbu moja baada ya nyingine, kila moja kwa choki mbalimbali, na kuchapisha grafu za rangi na wingi wa mwanga. Kurasa zake tulizibandika ukutani nyuma ya kaunta. Mteja alipouliza balbu ipi ni nzuri, jibu lilikuwa swali: choki yako ni ipi? Wengine walichukia jibu hilo, wakadhani tunataka kuwauzia vitu viwili.

Binamu yangu wa Muscat naye aliingia katika hesabu hizi. Aliona tangi la rafiki yake aliyerudi kutoka Marekani akataka nimtumie seti kamili, choki na vyote. Nilikataa. Choki ya sumaku iliyotengenezwa kwa umeme wa hezi 60 ukiipeleka kwenye hezi 50 za Oman, kizuizi chake kinapungua, mkondo unazidi, na koili inachemka, hata kama umeweka transfoma ya kurekebisha volti. Nilimwambia anunue ya Kijerumani hukohuko Ghuba. Alininunia mpaka Idi.

Choki za kielektroniki zilipoenea baada ya mwaka 2000, sauti ya kunguruma ikapungua majumbani na migongo yetu ikapumzika. Zilikuwa nyepesi, na nyingine ziliwasha balbu za aina zote mbili, zinazotaka ignita na zisizoitaka, bila kuuliza. Nilizifurahia kwa mgongo na kuzishuku kwa macho, kwa sababu ya ile rangi. Kisha zikaja LED. Majaribio ya kwanza yalikuwa ghali na hayakuwashawishi wengi, lakini Radion ya EcoTech Marine ilipotoka mwaka 2011, wateja wetu wazito walianza kuhama mmojammoja. Hesabu ilikuwa rahisi: umeme pungufu, hakuna kupoza maji kwa mashine wakati wa kiangazi, hakuna balbu ya kununua kila mwaka kwa sababu rangi yake imechakaa. Hata umeme ukikatika, LED hurudi hapohapo. Metali halaidi ikizimika ikiwa ya moto ilitaka dakika kumi au zaidi ipoe kabla ya kukubali kuwaka tena, na wageni wako wanasubiri gizani.

Nyumbani natumia LED, sioni haya. Ninachokosa ni kufungua boksi. Taa ya sasa ikifa, kwa kawaida unabadilisha kipande kizima kilichofungwa, au unatupa. Choki ya M58 ikigoma, mara nyingi ni kapasita imevimba: unaitoa chaji kwanza, unaweka nyingine ya maikrofaradi 15, unafunga, inanguruma tena.

Bado wapo wanaong'ang'ania metali halaidi kwa ajili ya ile mistari ya mwanga mchangani, na hao ndio wanaonipigia simu. Mambo yamegeuka. Zamani tulitafuta choki inayofaa balbu tuliyoipenda; sasa balbu zenyewe zimeadimika, kwa hiyo tunaangalia zilizobaki sokoni na kuuliza ipi itakubaliana na choki iliyopo. Kapasita naagiza kwa muuza vifaa vya taa za barabarani upande wa pili wa mji. Yeye anaamini namiliki kiwanja cha kuegesha magari, na huniuliza biashara inakwendaje.