Umati wa Roma

Jumatatu, 4 Machi 2024

Tumekubaliana: mwaka huu kikundi chetu kinaigiza Juliasi Kaizari ya Shakespeare. Vijana walitaka Titus Andronicus, maana humo mikono inakatwa, ulimi unakatwa, na mama analishwa wanawe waliookwa ndani ya mkate. Nikasema hapana, damu ya kununua imepanda bei.

Tunatumia tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Ilitoka mara ya kwanza 1963, mwaka mmoja tu baada ya Tanganyika kuwa jamhuri na yeye kuwa rais wake. Rais mpya kabisa, na katika tamthilia zote anachagua ile ambayo kiongozi anachomwa visu na marafiki zake! Sijui nani mwingine angethubutu.

Wanaume wote wanagombea kuwa Kaizari. Sijawaambia kwamba anauawa mwanzoni mwa tendo la tatu, na kwamba mwenye maneno mengi kuliko wote ni Brutus.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeshinda na zile hotuba mbili za msibani. Brutus anazungumza kwa nathari, hoja baada ya hoja, kama katibu anayesoma muhtasari wa kikao. Amemuua Kaizari ili Roma isiwe na mfalme. Watu wanamshangilia, na mmoja anapaza sauti kwamba basi Brutus mwenyewe ndiye awe Kaizari. Yaani hawakuelewa hata chembe. Brutus hasikii, au anasikia na kupuuza; anaondoka na kumwachia jukwaa Antony, rafiki wa Kaizari. Kwangu mimi tanzia yake imekwisha hapo hapo.

Halafu Antony. Anashuka kati ya watu, analikunjua joho la marehemu na kuonyesha tundu moja moja: hili la Cassius, hili la Casca, hili la Brutus. Nimerudi nyuma kuhakikisha: visu vilipokuwa vinapigwa, Antony hakuwepo! Trebonius alikuwa amemtoa nje makusudi. Amejuaje tundu lipi la nani? Hakuna anayeuliza. Wanalia.

Kisha unasomwa wasia: kila raia drakma 75, na bustani za Kaizari kuwa mali ya umma. Mji unawaka moto. Tukikutana tena na Antony, amekaa na Octavius na Lepidus wakiandika majina ya watakaouawa. Mpwa wake mwenyewe anampitisha kwa nukta ya kalamu, kisha anamtuma Lepidus akaulete wasia uleule waone watapunguza wapi. Nimemwambia anayeigiza Antony asifanye uso wa shetani hapo. Aseme kama mtu anayeagiza chai.

Ijumaa, 15 Machi

Tarehe ya mauaji yenyewe, mwaka 44 kabla ya Kristo. Mazoezi yalianza baada ya tarawehe, kila mtu kashiba futari, nguvu hakuna.

Ubishi ni juu ya onyesho la Cinna mshairi. Umati unamkuta njiani, unamuuliza jina, naye ana jina moja na mmoja wa wala njama. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi tu. Basi auawe kwa ubaya wa mashairi yake! Wengi hulikata onyesho hili ili kuokoa muda. Orson Welles, New York, 1937, alilifanya kiini cha mchezo mzima, waigizaji wakiwa wamevaa sare kama za Mafashisti wa Italia. Mzee wetu wa kikundi anataka liondoke.

"Dada," kaniuliza kijana wa Cinna, "watu wacheke au waogope?"

Wacheke kwanza.

Jumatano, 20 Machi

Nimesoma Coriolanus, ya Shakespeare pia, kwa ajili ya kulinganisha. Hapa umati unafungua mchezo, marungu mkononi, unadai nafaka. Uingereza ya kati ilikuwa na ghasia za wakulima mwaka 1607, karibu na wakati tamthilia hii ilipoandikwa. Safari hii watu wana njaa ya kweli, na shujaa anawatukana. Paris, mwaka 1934, matusi hayo yalizua zogo ndani ya ukumbi, hata mkurugenzi wa Comédie-Française akaondolewa kwa muda. Mchezo mgumu kuupenda. Nisingeuigiza.

Jumapili, 24 Machi

Antony na Cleopatra: umati wa Roma hauonekani kabisa, lakini ndio unaomuua malkia. Octavius anataka kumtembeza mjini Roma katika maandamano ya ushindi. Cleopatra anaiona siku hiyo: mafundi wenye aproni za mafuta, pumzi zao puani mwake, na kijana wa kiume akimwigiza kwa sauti nyembamba. Katika jukwaa la Shakespeare sehemu za wanawake ziliigizwa na wavulana, kwa hiyo aliyetamka maneno hayo alikuwa mvulana. Jeuri iliyoje! Ndipo nyoka anapoletwa ndani ya kikapu cha tini.

Nimeamua. Waigizaji sita wa umati hawapandi jukwaani. Watakaa viti vya hadhira tangu mwanzo, nguo za kawaida, na Cinna ataulizwa jina lake kutoka safu ya tatu. Mzee atalalamika. Kesho namwona mwenye ukumbi anipe ruhusa ya taa za upande wa watazamaji. Bila hizo, haya yote hayafanyiki.