Wosia kwa Kipanga na kwa Aliyeitwa Kilaza

Wajukuu zangu wapendwa,

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, nyumba yetu iligawanyika. Sebuleni vigelegele na soda, chumbani mlango umefungwa na mtu hakula mpaka jioni. Mmekua mkila sahani moja, lakini siku ile watu waliwapa majina mawili: mmoja kipanga, mwingine kilaza. Nilinyamaza, na kunyamaza kule kunanisumbua hadi leo. Sasa macho yamefifia na safari yangu i karibu. Nawaandikia barua moja tu, muisome pamoja.

Wazee walisema akili nyingi huondoa maarifa. Ujanani niliiona methali hiyo kuwa faraja ya walioshindwa shule. Miaka 34 ya kufundisha fizikia imenifundisha vingine.

Kwanza, jueni kwamba akili ina gharama. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake, hata mtu akiwa amelala. Kule Uswisi, Frederic Mery na Tadeusz Kawecki wa Chuo Kikuu cha Fribourg waliwawekea nzi wa matunda vyakula viwili, cha chungwa na cha nanasi, kimoja wakakitia kwinini. Mayai ya nzi waliokumbuka kipi kichungu ndiyo yaliyotunzwa, kizazi baada ya kizazi, mpaka ukapatikana ukoo hodari wa kujifunza. Lakini mwaka 2003 walieleza kwamba funza wa ukoo huo, wakigombea chakula haba na funza wa kawaida, walizidiwa. Kilichoongezwa kichwani kilipunguzwa kwingine. Akili ingekuwa faida tupu, kila kiumbe angekuwa nayo tele.

Yuko pia kiumbe mdogo wa baharini ambaye utotoni huogelea kama kiluwiluwi, akiongozwa na ubongo wake mdogo. Siku akipata mwamba wa kumfaa hujishikiza hapo, hasogei tena, na mwili wake huumeng'enya sehemu kubwa ya ubongo ule. Mjukuu wangu uliyefaulu, mkumbuke huyo. Cheti ni mwamba mzuri sana wa kujishikiza.

Pili, kipimo hakioni kila kitu. Mwaka 1921, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwakusanya watoto wa California waliopata alama za juu kabisa kwenye mtihani wa akili. Walifika zaidi ya 1,500, wakafuatiliwa maisha yao yote. Sitawadanganya: wengi wao walisoma sana na kupata kazi nzuri. Akili ni neema, asiwaambie mtu vinginevyo. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyepata Tuzo ya Nobel. Walioipata ni wavulana wawili ambao mtihani uliwaacha nje: William Shockley mwaka 1956 na Luis Alvarez mwaka 1968, wote kwa fizikia.

Msishangilie haraka. Shockley alikuwa mmoja wa walioivumbua transista, mama wa simu mnazozishika. Hata hivyo mwaka 1957 wataalamu wanane aliowaajiri mwenyewe walimhama kwa pamoja, kwa kuwa hawakuweza kufanya kazi chini yake. Uzeeni alizunguka akihubiri kwamba watu weusi wamezaliwa na akili pungufu. Mtu yuleyule ambaye kipimo kilimkataa akiwa mtoto, alishika kipimo akawakataa wenziwe. Akili ilimpeleka ndani kabisa ya siri za vitu, haikumfundisha kumwona mtu.

Tatu ni deni langu mwenyewe. Nilikuwa na mwanafunzi kipanga na mwingine waliyemwita kilaza, kama ninyi. Siku moja darasa lilipima mvutano wa dunia kwa pendulamu, makundi yakipokezana saa moja ya kuhesabia sekunde. Kipanga akaleta 9.8, jibu la kitabuni, safi kabisa. Yule mwingine akaleta 8.7, akauliza, "Mwalimu, mbona yetu inakataa?" Nikamwambia akae, arudie hesabu zake. Darasa likacheka, nami nikatabasamu.

Jioni niliilinganisha saa ile na yangu ya mkononi. Ilikuwa inakimbia karibu sekunde nne kila dakika. Kwa saa ile, 8.7 ndilo jibu la mtu mkweli. Kipanga alikuwa amepika namba zake. Alilijua jibu mapema mno, hakuona haja ya kuitazama pendulamu. Hapo nikaielewa methali ya wazee: akili yake ilimfikisha kwenye jibu na kumnyima maarifa yaliyokuwa mbele ya macho yake, kwamba saa ni mbovu. Kesho yake sikusema kitu. Nilimwonea haya mtoto, sikumwomba radhi, naye hakuinua mkono tena katika darasa langu.

Ningekuwa na sikio jema, ningemkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, aliwahi nafasi kwenye friji kwa kuweka maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Akauliza tena alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akachekwa. Alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, akauliza kwa mara nyingine. Osborne hakumcheka, alirudi Dar akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo, na mabishano yao yanabeba jina la mwanafunzi wa Tanzania.

Basi huu ndio wosia wangu.

Wewe kipanga, usilipende jina hilo. Atakayelipenda ataanza kuficha makosa yake ili asilipoteze. Ukijua jibu, tazama tena kana kwamba hulijui. Na mwenzio akiuliza, usicheke: huenda ameiona saa mbovu.

Wewe waliyekuita kilaza, mtihani ulipima siku chache za maisha yako. Usijifungie chumbani. Kuuliza si ujinga. Uliza, ukichekwa uliza tena, na namba yako ikikataa usiipike ipendeze.

Nyote wawili, msitengane. Mmoja ana wepesi, mwingine ana subira, na kazi kubwa huhitaji vyote viwili.

Sandukuni kwangu kuna saa ile. Shule ilipoitupa niliiokota. Nawaachia ninyi wawili kwa pamoja, na bado inakimbia. Msiipeleke kwa fundi. Iwekeni mezani mnaposoma, na mkimpata yule mwanafunzi wangu, ambaye sasa ni mtu mzima, mwambieni mwalimu wake amekiri kwamba 8.7 lilikuwa jibu sahihi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi.

Babu yenu