Mtoto Wako Si Mfano wa Mahubiri

Wengi mmeniuliza tulikuwa wapi mwezi wa Agosti, maana Jumapili mbili mfululizo hamkuniona madhabahuni. Leo nawajibu. Tafadhali soma mpaka mwisho, hasa wewe mzazi.

Siku ya harusi yetu nilimwahidi mke wangu kwamba nitampeleka kuona bahari. Imechukua miaka 18. Kila mwaka kulikuwa na mkesha, krusedi, mazishi, paa la kanisa. Mwaka huu nikasema liwe liwalo. Tukatoka Embu alfajiri, mimi, Mama na watoto wetu watatu, ndani ya lile gari letu dogo ambalo wengi wenu mmewahi kulisukuma. Safari yetu ilikuwa mpaka Mombasa, tulale, kisha tuvuke mpaka tushuke na pwani ya Tanzania: Tanga, halafu Pangani.

Lakini kulikuwa na jambo lingine ndani ya gari hilo. Kijana wetu mkubwa, ana miaka 17, alikuwa hajazungumza nami tangu Aprili. Alijibu "ndiyo Baba" na "hapana Baba", basi. Aliacha pia kupiga kinanda kanisani. Mlidhani ni shughuli za masomo, nami nikawaacha mdhani hivyo.

Waliokuwepo ile Jumapili ya Aprili wanakumbuka. Nilihubiri juu ya mwana mpotevu. Mahubiri yaliponoga, nikamtaja kijana wangu kwa jina, nikaeleza kosa alilofanya, hatua kwa hatua, naye ameketi pale pale kwenye kinanda. Mlisema amina. Wengine mlilia. Yeye aliangalia vidole vyake. Kosa lenyewe silirudii hapa. Lilishasemwa mara moja zaidi ya ilivyofaa.

Tulipovuka kwa feri ya Likoni niliwasimulia watoto hadithi ambayo sisi Wameru tuliipokea kwa babu zetu: kwamba watu wetu walitoka Mbwaa, mahali penye maji makuu, wakiwakimbia watu wa nguo nyekundu, na kwamba maji yaligawanyika wakapita. Wale wadogo walifurahi, wakauliza kama ni Musa au ni Mmeru. Mkubwa alikuwa ameziba masikio kwa muziki. Nikajiambia, subiri, bahari itamlegeza.

Kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga ni kama kilomita 100, minazi na miwa, Ukunda, Msambweni. Mpakani tulitoa pasipoti, kadi ya gari na ile bima ya Kadi ya Njano, tukaingia upande wa Horohoro. Hapo Kiswahili chetu cha Embu kikaanza kujaribiwa. Mke wangu alimwambia mama muuza maji, "Nipe chupa mbili." Yule mama akatabasamu, akasema, "Karibu dada, unaomba mbili?" Tulicheka mpaka Tanga. Kuanzia hapo kila mtu ndani ya gari alikuwa "anaomba". Hata kijana wangu alitabasamu, lakini alitabasamu akiangalia dirishani.

Siku iliyofuata tulishuka mpaka Pangani, kama kilomita 50 hivi, mashamba ya katani upande mmoja na bahari ikichungulia upande wa pili. Pangani ni mji wa kale. Pembe za ndovu na watumwa walipitishwa hapo, na ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim mwaka 1889 kwa kuwapinga. Unaukuta mto mpana, na kivuko kinachobeba watu na magari kwenda upande wa Bweni. Nikawaambia watoto kwamba maji yale yanatoka Kilimanjaro na mlima mwingine uitwao Meru, ule wa Arusha, na kwamba yanakutana kwenye bwawa liitwalo Nyumba ya Mungu kabla ya kuteremka kuja huku. Binti yangu mdogo akasema, "Kwa hiyo hata maji ya Meru hufika baharini, ni sisi tu tulichelewa." Mama yake akaniangalia. Sikuwa na jibu.

Tukavuka Bweni, tukielekea ufuoni Ushongo. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Tulipofika njia panda, kijana wangu, aliyekuwa ameshika ramani ya simu, akasema, "Baba, ni kulia." Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote siku hiyo. Mimi nilikuwa nimeona bahari inang'aa upande wa kushoto. Nikamwambia, "Mimi ndiye ninayeendesha." Nikakata kushoto.

Wapendwa, haikufika dakika tano. Gari lilizama kwenye mchanga mpaka tumboni. Nilikanyaga mafuta, likazama zaidi. Sisi watu wa milimani tunajua tope. Tunajua kuomba kabla ya daraja la Nithi. Mchanga hatuujui. Simu haikuwa na mtandao, na giza la pwani halikungoji.

Mke wangu akawachukua wadogo kwenda kutafuta watu kule tulikoona moshi. Tukabaki wawili, mimi na yeye, tunachimba mchanga kwa sahani za plastiki. Nikasema, "Samahani, ulikuwa umeiona njia." Akaendelea kuchimba. Kisha akasema, "Si njia tu, Baba."

Nilijua anachosema. Nikaanza kujitetea. Nikamwambia nilitaka kuwasaidia vijana wengine, kwamba ushuhuda wake uliwagusa watu, kwamba Mungu hutumia hata makosa yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, jinsi tulivyomlea. Halafu akasema neno moja: "Ungeniuliza."

Nimehubiri miaka mingi. Hakuna mahubiri yaliyowahi kunichoma kama neno hilo.

Papo hapo mwanzo wa gurudumu nikakumbuka Mwanzo sura ya 9. Nuhu alilewa, akalala uchi hemani. Hamu aliuona uchi wa baba yake, akatoka kwenda kuwaambia wengine nje. Shemu na Yafethi walichukua vazi, wakatembea kinyumenyume ili wasimwone, wakamfunika. Nimeihubiri habari hiyo mara nyingi, na kila mara nimewaonya watoto wasiwafunue wazazi wao. Sikuwahi kujiuliza itakuwaje mzazi akiwa ndiye Hamu. Kijana wangu alianguka ndani ya hema la nyumba yangu. Nami nilitoka nje na kipaza sauti.

Sikuongeza maneno. Nilimwambia, "Nilikukosea. Nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe." Hakunikumbatia kama kwenye filamu. Alisema, "Sawa, Baba," akaendelea kuchimba. Lakini alisogea, akachimba upande wangu.

Wavuvi wanne wakaja na mama yao watoto, pamoja na mzee mmoja. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo babu." Walikata makuti makavu, wakayatandika chini ya magurudumu, wakapunguza upepo wa matairi, kisha tukasukuma. Mara ya tatu gari likatoka. Nikatoa pesa, mzee akazirudisha mkononi mwangu. "Kwanza mle," akasema. Walikuwa na moto wa mkaa, samaki na muhogo. Tukala mchangani, bahari ikisikika tu, haionekani.

Pale nikamkumbuka Petro, Yohana sura ya 21. Alimkana Bwana mara tatu akiota moto. Alipokutana na Yesu ufuoni, kulikuwa tena na moto wa mkaa na samaki. Yesu alikuwa na kila haki ya kusimulia kosa lile. Hakulisimulia. Alimlisha kwanza. Kisha akamwuliza kama anampenda, akamkabidhi kondoo zake. Hivyo ndivyo Bwana anavyomrudisha mtu aliyeanguka.

Tuliporudi Embu nilimwuliza kijana wangu kama ananiruhusu nimwombe msamaha pale pale nilipomkosea. Akafikiri siku tatu, akakubali. Mliokuwepo mliona. Baadhi ya wazee walikuja ofisini baadaye wakaniambia mchungaji hapaswi kujishusha mbele ya mtoto. Nawaheshimu wazee wetu. Lakini kosa nililifanya kwa kipaza sauti. Singeweza kulitengeneza kwa kunong'ona.

Sasa nakuja kwako, mpendwa. Huna madhabahu, lakini una kundi la ukoo kwenye simu. Una chama. Una ushirika wa nyumbani ambapo unasema, "Ombeni na mimi, binti yangu amefanya hivi na hivi," na kabla ya amina habari imefika Runyenjes, imepita Chuka, iko Nkubu. Je, lilikuwa ombi, au ulikuwa unamfunua mtoto? Kuna njia ya kuomba msaada bila kumvua mtoto nguo. Mtafute mtu mmoja mwenye kifua. Mwambie Mungu yote, watu uwaambie machache. Na kama mtoto ni mkubwa wa kuelewa, mwulize kwanza.

Na kama umeshamwaibisha, usingoje akusahau. Watoto hawasahau, wananyamaza tu. Nenda leo. Usieleze kwa nini ulifanya. Sema, nilikukosea. Halafu umpe chakula.

Tuombe: Baba, tusamehe sisi wazazi tuliotangaza mahali ambapo tulipaswa kufunika. Utupe vazi la Shemu na Yafethi. Warudishe watoto walionyamaza ndani ya nyumba zetu. Katika jina la Yesu, amina.

Ujumbe huu nilimpa kijana wangu ausome kabla sijauweka hapa. Ameondoa sentensi mbili. Msiniulize zilisema nini.

Jumapili tukutane saa tatu kamili. Bado hajarudi kwenye kinanda, na msimsukume. Ila jana jioni nilimsikia akikipiga sebuleni, polepole, mlango umefungwa. Nilisimama koridoni, sikugonga.