Castries kwa Jicho la Walcott

Meli za watalii zikitia nanga bandarini Castries, mji mkuu wa Saint Lucia, ghorofa zake huyapita kwa urefu karibu majengo yote ya mjini. Abiria wengi hupandishwa mabasi na kupelekwa moja kwa moja ufukweni. Waache waende. Wewe pita kwanza sokoni, chini ya paa jekundu la mwaka 1894, ambako kinamama hupanga mashelisheli, kungumanga na vijiti vya kakao vya kuparuza kwenye maziwa ya moto. Bei utatajiwa kwa Kiingereza, lakini wao kwa wao wanateta Kwéyòl, Krioli yenye asili ya Kifaransa. Wafaransa na Waingereza walinyang'anyana kisiwa hiki mara kadhaa kabla Uingereza haijakishika moja kwa moja mwaka 1814.

Kutoka hapo tembea hadi bustani iliyoitwa Columbus Square mpaka mwaka 1993, ilipobadilishwa kuwa Derek Walcott Square. Uamuzi mzuri, kwa maoni yangu: Columbus ana bustani za kumtosha. Kuna sanamu za vichwa vya wana wawili wa kisiwa waliopata Tuzo ya Nobel, mwanauchumi Arthur Lewis mwaka 1979 na Walcott, kwa fasihi, mwaka 1992. Wote wawili walizaliwa tarehe 23 Januari, mmoja 1915, mwingine 1930, katika nchi ambayo hata leo haifikishi watu laki mbili.

Walcott anajulikana kama mshairi, lakini alianzia kwenye brashi. Baba yake, Warwick, alichora kwa rangi za maji, akafariki Derek na pacha wake Roderick wakiwa wachanga. Mama, Alix, alikuwa mwalimu katika shule ya Wamethodisti, na nyumbani akishona nguo za watu. Derek alipofika miaka 18 na kutaka kuchapisha mashairi yake, mama huyo alitafuta dola 200 akampa. Kitabu kikapigwa chapa Trinidad, kijana akakiuza mitaani mpaka fedha ikarudi. Mwaka huohuo, 1948, moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, ndiyo sababu nyumba za zamani ni za kuhesabu. Ya akina Walcott, mtaa wa Chaussée, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016.

Uchoraji, yeye na rafiki yake Dunstan St. Omer walifundishwa na Harold Simmons. Vijana hao wawili waliapa kutoondoka kisiwani kabla hawajakimaliza kwa rangi na maneno. Walcott aliondoka. Alisoma Jamaika, mwaka 1959 akaanzisha kikundi cha Trinidad Theatre Workshop, akaandika na kuongoza tamthilia, kisha kuanzia 1981 akafundisha Chuo Kikuu cha Boston na kuanzisha ukumbi wa waandishi wa tamthilia. Ualimu huo una doa lake. Alituhumiwa kuwanyanyasa kijinsia wanafunzi wa kike, na tuhuma hizo zilipoibuliwa upya mwaka 2009 alijitoa katika kinyang'anyiro cha uprofesa wa ushairi Oxford.

Msomaji wa Kenya huenda anamfahamu kwa "A Far Cry from Africa", shairi kuhusu vita vya Mau Mau. Mwandishi ni mjukuu wa Waafrika na Wazungu, na humo anahangaika asijue asimame upande gani.

St. Omer alibaki, akabuni bendera ya taifa ya mwaka 1967. Kuiona kazi yake vizuri, nenda bonde la Roseau, kwenye kanisa dogo la Jacmel. Katika picha yake juu ya altare, Mariamu ni mweusi, mtoto ni mweusi, na waliowazunguka ni watu wa bonde lenyewe, pamoja na wapiga ngoma wao. Simama karibu uangalie nyuso: hakuna aliyepambwa akatoka malaika wa kadi ya Krismasi. Walcott aliitungia shairi picha hiyo.

Kusini zaidi, Soufrière, utakutana na Gros Piton na Petit Piton, vilele viwili vilivyochomoza kando ya bahari, vyote zaidi ya mita 700, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2004. Hoteli ya kifahari ilipopangwa kujengwa katikati yake, Walcott alipinga hadharani. Ilijengwa hata hivyo. Bahati nzuri, fukwe za Saint Lucia ni za umma. Kodi mtumbwi wa mvuvi pale Soufrière, shuka kwenye mchanga mbele ya hoteli hiyo, na uogelee bila kumlipa mtu kiingilio.